Kumlinda mzee si kumkalisha: mwili na moyo wa wazee wetu wakati wa kutengwa

Tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alilitangazia taifa kwamba mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 imekatazwa, shule zinafungwa na ibada zinasimamishwa. Ugonjwa wa Covid-19 ulikuwa umethibitishwa Kinshasa siku nane tu kabla, tarehe 10 Machi. Tarehe 24 Machi hali ya dharura ikatangazwa. Amri ilikuwa ya nchi nzima: Kamina, mji mkuu wa Haut-Lomami, ulio mbali na Kinshasa, ulifungwa kwa neno lile lile. Milango ya makanisa ilikuja kuruhusiwa kufunguliwa tarehe 15 Agosti.

Hiyo ni karibu miezi mitano. Kijana akikaa miezi mitano bila kwenda mbali, ataudhika, kisha atarudia maisha yake. Lakini kwa mzee wa miaka 70 au 80, miezi mitano ya kukaa kitini inaweza kumhamisha kutoka hali moja kwenda nyingine: kutoka mtu anayekwenda chooni mwenyewe hadi mtu anayebebwa. Jambo hili halikutajwa sana wakati ule, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwenye virusi. Tunaliandika sasa kwa sababu magonjwa ya kuambukiza hayajaondoka kwetu, na siku nyingine tutaombwa tena kuwaweka wazee wetu mbali na watu. Ni vizuri tujue mapema namna ya kufanya hivyo bila kuwaumiza.

Ugonjwa mmoja, hatari mbili

Tuanze kwa kukubali ukweli: familia zilizowazuia wazee wao wasiende penye watu wengi zilifanya vizuri. Covid-19 iliua wazee kuliko watu wa umri mwingine wowote. Kadiri mtu alivyokuwa na miaka mingi, na hasa akiwa na kisukari au shinikizo la damu, ndivyo hatari ilivyopanda. Kumweka mzee mbali na umati kulikuwa tendo la upendo.

Lakini kulikuwa na hatari ya pili iliyoingia polepole. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye uzito. Walichukua wazee wachache wenye afya njema, wastani wa miaka 67, wakawaomba wakae kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na walipewa chakula chao kila siku. Siku hizo 10 zilipokwisha, walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, pamoja na sehemu ya nguvu zao. Siku 10 tu, bila homa wala njaa.

Misuli ya mwili ni kama shamba: usipoilima, haibaki kama ulivyoiacha. Kwa kijana hurudi haraka. Kwa mzee hurudi pole, na wakati mwingine hairudi yote. Tena misuli si kwa kubeba mizigo tu. Ndiyo inayotumia sukari ya damu, kwa hiyo mzee mwenye kisukari akikaa tu sukari yake hupanda. Ndiyo inayosukuma damu ya miguuni irudi moyoni, kwa hiyo akikaa mchana kutwa miguu huvimba na damu inaweza kuganda. Matumbo hulegea, choo kikawa kigumu. Usingizi wa usiku hukimbia kwa sababu mwili haukuchoka mchana.

Kisha kuna kuanguka. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema karibu mtu 1 kati ya 3 wenye zaidi ya miaka 65 huanguka kila mwaka. Mtu mwenye miguu dhaifu huanguka zaidi, na akiisha kuanguka mara moja huanza kuogopa kutembea. Hofu humkalisha, kukaa humzidishia udhaifu, na udhaifu humwangusha tena. Mahali ambapo kupasuliwa mfupa wa nyonga ni kazi ngumu na ya gharama kubwa, kuanguka kumoja kunaweza kuwa mwanzo wa mwisho.

Wazee wa Kamina walipoteza nini hasa

Mashauri mengi yaliyoenea mwaka 2020 kuhusu mazoezi ya wazee yaliandikwa kwa ajili ya watu wa miji ya Ulaya na Amerika: mzee anayeishi peke yake ghorofani, aliyezoea kwenda kwenye jumba la michezo au bustani ya mji. Kwetu si hivyo. Mzee wa Kamina kwa kawaida anaishi katika parsele yenye watoto na wajukuu. Hana jumba la michezo. Basi wengine husema: sisi jambo hili halituhusu.

Linatuhusu, ila sura yake ni nyingine. Mazoezi ya wazee wetu yamejificha ndani ya maisha yenyewe. Tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 72 anayekaa kilomita 1 kutoka kanisani. Jumapili anakwenda ibada, katikati ya juma anakwenda maombi, siku nyingine anakwenda kikundi cha wamama. Kila safari ni kilomita 2 kwenda na kurudi, jumla kilomita 6 kwa juma. Kwa mwendo wa mzee hizo ni kama saa 1 na nusu hadi saa 2 za kutembea. OMS, katika mwongozo wake wa Novemba 2020, linashauri watu wazima pamoja na wazee wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Kwa mama huyu, kanisa peke yake lilikuwa likimpa zaidi ya nusu ya kiasi cha chini. Kanisa lilipofungwa, hakupoteza mahubiri na nyimbo tu. Alipoteza mwendo wake.

Ongeza na mengine. Kwenda sokoni kulipunguzwa. Kwenda kwenye kilio cha jirani kulikatazwa au kulifupishwa, na kwetu kilio ni mwendo mrefu, kukaa na kuinuka, kubeba kuni na maji. Kutembelea ndugu wa upande wa pili wa mji kulikoma. Mstaafu wa reli aliyezoea kushuka kila asubuhi hadi karibu na stesheni kusikia habari za treni alibaki nyumbani. Na miezi ile, Machi hadi Mei, ni majira ya kuvuna mahindi: watoto waliwaambia wazazi, "Kaeni, sisi tutavuna." Halafu ikaja Juni na Julai, majira ya kiangazi, na asubuhi zake za baridi zinazomfanya mzee ajifunike blanketi hadi jua lipande.

Tuseme pia neno ambalo ni gumu kidogo. Heshima yetu yenyewe inaweza kumlemaza mzee. Kwetu mtoto mwema hamwachi nkambo achote maji, afagie wala ainuke kuchukua kikombe chake. Anakimbia, anamletea. Katika siku za kawaida hili halina ubaya mkubwa, kwa sababu mzee bado anatoka. Lakini akiwa amefungiwa nyumbani, na ndani ya nyumba kila kitu analetewa, haimbakizii kazi hata moja. Tunamheshimu hadi miguu inamwisha.

Maandiko yanatuonyesha wazee wanaotembea

Biblia haimchukui mzee kama mzigo wa kuwekwa pembeni. Katika Yoshua 14, Kalebu ana miaka 85, naye anaomba apewe nchi ya milima ambayo bado ina adui. Katika 2 Samweli 19, Barzilai ana miaka 80. Mfalme Daudi anamwalika aende kukaa Yerusalemu ale mezani pake. Barzilai anashukuru lakini anakataa: anajua nguvu zake zimepungua. Hata hivyo anamsindikiza mfalme hadi kuvuka Yordani, ndipo anarudi kwao.

Wazee wawili, vipimo viwili. Mmoja anaomba mlima, mwingine anakwenda hadi ng'ambo ya mto. Hakuna aliyelaumiwa, na hakuna aliyekalishwa. Kila mmoja alisema mwenyewe nguvu zake zinafika wapi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: mzee aulizwe, asipangiwe tu.

Na tukumbuke Elia katika 1 Wafalme 19. Yuko peke yake jangwani, amechoka, anaomba afe. Mungu hamwanzii na hotuba. Anampa usingizi, mkate na maji, anamwamsha mara ya pili ale tena, kisha anampa safari ya siku 40. Mwili ulitunzwa kwanza, mwendo ukafuata, na maneno yakaja baadaye mlimani.

John Wesley, ambaye Wamethodisti wa Katanga ni watoto wake katika imani, aliliona jambo hili. Mwaka 1747 alichapisha kitabu kiitwacho Primitive Physick, cha mashauri ya afya kwa watu maskini wasioweza kumlipa daktari, na humo alihimiza mwendo wa mwili kila siku pamoja na chakula cha kiasi. Yeye mwenyewe alisafiri juu ya farasi na kwa miguu hadi uzeeni, akafa mwaka 1791 akiwa na miaka 87.

Mazoezi yanayofaa ndani ya parsele

Mwongozo wa OMS kwa wenye miaka 65 na zaidi una sehemu tatu: mwendo wa wastani dakika 150 au zaidi kwa juma, mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2, na mazoezi ya usawa na nguvu pamoja angalau siku 3, ili kuzuia kuanguka. Unaongeza neno la faraja: asiyeweza kufikia kiasi hicho afanye kile anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Yafuatayo hayahitaji pesa wala chombo.

*Kuzunguka parsele.* Mzee atembee dakika 10, mara tatu kwa siku: asubuhi jua likishapanda kidogo, baada ya chakula cha mchana, na jioni. Siku tano za namna hiyo ni dakika 150. Kipimo cha nguvu ni hiki: anapotembea aweze kuongea, lakini akijaribu kuimba pumzi isimtoshe. Akiweza kuimba ubeti mzima bila shida, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kuongea, apunguze.

*Kuinuka kitini.* Hili ndilo zoezi la kwanza kwa miguu. Kiti kisicho cha kuyumba kiegemezwe ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke hadi asimame wima, akae tena pole pole. Aanze na mara 5, apumzike, arudie. Asiyeweza bila mikono ajishikize kwanza, na baada ya majuma machache ajaribu kwa mkono mmoja.

*Kusimama kwa vidole.* Ashike mwimo wa mlango au mti, ainue visigino, ahesabu hadi tatu, ashuke. Mara 10.

*Usawa.* Akiwa karibu na ukuta, mtu mwingine akiwa kando yake, asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10. Kisha abadilishe miguu. Akizoea, atembee hatua chache hivyo hivyo kando ya ukuta.

*Mikono na mabega.* Asukume ukuta kwa viganja viwili, kama anayesukuma gari lililokwama, mara 10. Au anyanyue chupa ya maji ya lita 1 na nusu, ambayo ni kilo 1 na nusu, hadi begani na kuishusha.

*Kazi za nyumbani.* Kufagia kiwanja, kumwagilia mboga, kuchambua maharagwe, kupukuchua mahindi, kupalilia bustani ya nyuma ya nyumba: zote ni mwendo. Mwachieni mzee kazi mbili au tatu za siku ziwe zake, na msimnyang'anye kwa haraka zenu.

Kwa mzee asiyeweza kuinuka kitandani, kuna la kufanya pia. Apinde na kunyosha vifundo vya miguu mara 20 kila saa anapokuwa macho. Asukume magoti chini kwenye godoro. Ainue mkono mmoja mmoja. Asaidiwe kuketi ukingoni mwa kitanda angalau mara tatu kwa siku, na ageuzwe kila baada ya saa 2 ili ngozi isioze.

Mazoezi haya si mchezo wa watoto. Huko New Zealand, mazoezi ya nyumbani ya namna hii, ya nguvu za miguu na usawa pamoja na kutembea, yalipunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu theluthi moja.

Namna ya kupima, na wakati wa kuacha

Familia inaweza kupima nguvu za miguu bila mashine. Hesabuni ni mara ngapi mzee anainuka kitini bila kutumia mikono katika sekunde 30. Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanaume anayefanya chini ya mara 12, au mwanamke chini ya mara 10, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Andikeni hesabu hiyo leo, mpime tena baada ya mwezi. Ikishuka, msingoje.

Zoezi liachwe mara moja mzee akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo, au pumzi kukatika isivyo kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au uso ukipinda na mkono kulegea, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mwenye homa asifanye mazoezi, apumzike. Aliyetoka kuugua Covid-19 aanze upya kwa kidogo sana, dakika chache tu, akiongeza kila siku anapoona jana haikumchosha. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize kwanza daktari au muuguzi. Na anayetumia dawa za shinikizo au za sukari asiache dawa kwa sababu ameanza mazoezi.

Chakula nacho kiangaliwe. Miguu haijengwi kwa bukari peke yake. Mzee anahitaji kitu cha kujenga mwili kila siku: maharagwe, karanga, samaki wakavu, mayai yakipatikana, viwavi katika majira yake. Mara nyingi sahani ya mzee hupewa mchuzi, na kipande cha samaki humwendea mwingine. Na kiu ya mzee hupungua hata kama mwili wake unahitaji maji, kwa hiyo asingojewe aombe. Awekewe kikombe karibu.

Moyo unaotengwa

Mtu anaweza kuwa katika parsele ya watu 12 na bado akawa peke yake. Wajukuu wana mambo yao, na rafiki wa rika lake wamekatazwa kuja. Mzee ambaye jana alikuwa mshauri wa kanisa na msuluhishi wa ugomvi wa ndoa, leo anaambiwa tu, "Kaa hapo, usiguse, usitoke." Anaanza kula kidogo, kulala mchana, kunyamaza, kurudia kwamba amechoka kuishi. Tusiseme upesi kwamba ni uzee tu. Huzuni ya namna hii ni ugonjwa unaosaidika, na mwendo wa mwili ni sehemu ya dawa yake: anayetembea kila siku hulala vizuri zaidi na moyo wake huwa mwepesi.

Lakini mwendo peke yake hautoshi, mzee anataka pia kuwa na kazi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare na nyanya 14. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Kazi hiyo imesaidia watu wengi, na mzee aliyeonekana ni wa kuhudumiwa akawa mhudumu.

Na sisi Kongo tulikuwa na mfano mbele ya macho yetu. Aliyeongoza mapambano ya nchi dhidi ya Covid-19 mwaka 2020 alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942. Alikuwa na miaka 78. Tulipokuwa tukisema wazee wakae pembeni, mzee mmoja ndiye aliyekuwa akituonyesha njia.

Basi mzee aliyetengwa apewe kazi inayojulikana. Apewe majina ya wagonjwa wa kuombea, na aletewe habari zao ili ajue maombi yake yanakwenda wapi. Awasikilize wajukuu wakisoma Neno kila jioni. Aeleze historia ya kanisa mahalia, mtoto mmoja akiandika kwenye daftari. Apigiwe simu na rafiki wa rika lake kwa siku iliyopangwa, hata kama ni dakika tano.

Kanisa linaweza kufanya nini

Mwaka 1742, huko Bristol, Wamethodisti wa kwanza waligawanywa katika madarasa ya watu kama 12, kila darasa na kiongozi wake. Kiongozi alizunguka nyumba kwa nyumba kila juma kukusanya senti moja ya deni la jengo. Upesi wakagundua kwamba ziara ile ilikuwa na thamani kuliko senti: kiongozi alijua nani anaumwa, nani ana njaa, nani amekata tamaa. Makanisa mengine kati yetu yana vikundi vya ujirani au vya maombi vinavyofanana na hivyo. Chombo hiki hakihitaji jengo, kwa hiyo amri ya kufunga majengo haikivunji.

Tunapendekeza kwa kila kanisa mahalia mambo manne, ambayo yafanywe wakati wa amani, kabla ya dharura.

Kwanza, andikeni orodha ya wazee wote wenye miaka 65 na zaidi: wanakaa wapi, nani anakaa nao, wana ugonjwa gani wa kudumu, wana simu au hawana. Katika nchi yetu watu wa umri huo ni kama 3 kwa kila 100, kwa hiyo orodha haitakuwa ndefu.

Pili, kila mzee apewe mtu mmoja wa kumtembelea kila juma. Wakati wa kutengwa, mgeni asiingie ndani. Asimame kiwanjani, penye hewa, akiwa mbali mita 1 au 2, amefunika mdomo na pua. Watembee pamoja wakizunguka parsele, kila mmoja upande wake, wakiongea. Ziara na zoezi vinakuwa kitu kimoja.

Tatu, wamama na vijana wajifunze mazoezi tuliyoyataja wakiongozwa na muuguzi wa kanisa, kisha wayaingize katika ibada. Wazee wetu hawahitaji kuambiwa "fanya michezo". Wimbo wa kwaya unaoimbwa wakiwa wamesimama, wakipiga hatua na kuinua mikono, unatosha kuanzia. Wakati wa kufungiwa, nyimbo hizo zinaweza kupitia redio kwa saa inayojulikana.

Nne, mchungaji afundishe familia kwamba kumheshimu baba na mama ni pamoja na kuwaachia nguvu zao.

Kila ugonjwa na njia yake

OMS lilitangaza mwisho wa dharura ya Covid-19 tarehe 5 Mei 2023. Lakini tarehe 14 Agosti 2024 likatangaza dharura nyingine, ya mpox, nchi yetu ikiwa katikati yake. Haut-Lomami inajua kipindupindu mwaka baada ya mwaka, hasa kando ya maziwa na mto huko Bukama na Malemba-Nkulu. Ndugu zetu wa Kivu na Ituri wameishi na Ebola, na wengi bado wamefungiwa na vita. Kwao hata kuzunguka kiwanja huenda kusiwezekane, na mazoezi ya kiti na ya kitanda ndiyo yatakayowafaa zaidi.

Jambo la kujua ni kwamba njia ya ugonjwa ndiyo inayoamua namna ya kumlinda mzee. Covid-19 hupita katika pumzi: basi mzee akae mbali na chumba kilichojaa watu, lakini kiwanja chenye hewa ni rafiki yake. Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa: kutembea na jirani barabarani hakumdhuru, mradi maji yametibiwa na mikono imeoshwa kwa sabuni. Akiwa ameshaharisha, apumzike na apewe maji yenye chumvi na sukari huku akipelekwa kituo cha afya. Mpox hupita hasa kwa kugusana ngozi na kwa matandiko: asiguse, lakini atembee. Ebola hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa marehemu: hapo maagizo ya timu ya afya yafuatwe yote. Katika kila hali ulizeni swali moja kabla ya kumwambia mzee akae: ni kitu gani hasa tunachomkinga nacho, na kukaa huko kunakizuia?

Maswali kwa vikundi

Katika parsele zenu, mzee ana kazi gani ya kila siku iliyo yake? Nani katika darasa au kikundi chenu hajaonekana ibadani kwa mwezi mmoja, na ni nani aliyekwenda kumwona? Kama amri ya kufunga makanisa ingetoka kesho, nani angembisha hodi mzee wa jirani yenu Jumapili ijayo?

Mjibu kwa majina, si kwa maneno ya jumla. Kisha juma hili hili mchague mzee mmoja, mwende kwake, mmwombe atembee nanyi hadi mahali atakapochagua yeye: iwe hadi kanisani, iwe hadi mwembe wa jirani, iwe hadi mlangoni tu.